Mke wa Siku ya Kesi

Wiki iliyopita niliwaacha ofisini kwa wakili, wosia wa mama mkwe wangu ukiwa umeshasomwa na wifi mkubwa akiwa amezirai. Alizirai kwa utaratibu mzuri. Kwanza aliangalia kiti kiko wapi.

Kwa aliyechelewa: mama mkwe, Mungu amrehemu, aliniachia mimi duka lake. Hakuwaachia wanawe watatu, aliniachia mimi. Ni duka la kukodisha vyombo vya shughuli: viti vya plastiki, maturubai, masufuria ya kupikia umati, vitambaa vya meza, na magauni matatu ya harusi ambayo yameshavaliwa na nusu ya wake za mji huu. Nilianza pale nikiwa mtu wa kuhesabu viti vinavyorudi na kukwangua nta ya mishumaa kwenye vitambaa. Baadaye nikahamia nyuma ya duka, kwenye chumba cha mwanawe.

Huyo mwanawe mtaani anaitwa Mwakani. Jina nilimpa mimi. Kila nilipomuuliza ndoa ni lini, jibu lake lilikuwa hilohilo, na huu ni mwaka wa kumi na moja. Nimefua mchuzi kwenye pindo za magauni ya harusi ya wanawake wengine mpaka vidole vikachubuka, na mimi sijavaa hata moja.

Dada zake, wifi mkubwa na wifi mdogo, hawakuwahi kuniita wifi. Waliniita "yule". Wakiwa na wageni nilikuwa "msichana wa mama", na wakidhani sisikii nilikuwa hawara wa kaka. Sikuwachukia. Chuki inataka nguvu, na wale hawastahili mtu atoke jasho kwa ajili yao. Niliwadharau, basi.

Kwa hiyo wifi mkubwa alipozirai, nilicheka. Nilicheka kwa sauti mbele ya watu na sijutii. Kosa langu ni kwamba nilicheka mapema.

Siku chache baadaye nilikwenda kutafuta wakili wangu mwenyewe, maana niliambiwa wosia ukishasomwa bado haujawa kitu. Lazima upelekwe mahakamani, hakimu aridhike kwamba ni wa marehemu kweli na umeandikwa inavyotakiwa, ndipo uthibitishwe. Nilidhani ni kugonga muhuri tu.

Wakili niliyempata ni mama wa makamo, ofisi yake iko juu ya duka la kutoa nakala. Alikuwa na mafua. Alisoma ule wosia huku akipenga kamasi, na mimi moyoni nikasema, haya, nimekuja kulipia chafya.

"Aliuandika nani?" akauliza.

"Mwenyewe, kwa mkono wake. Mawakili hakuwaamini. Aliufunga kwenye bahasha, akawapelekea wamtunzie tu."

"Ndivyo wanavyofanya wote," akasema, kwa sauti ya mtu anayezungumzia watoto wanaokula udongo. "Na hawa waliosaini hapa chini kama mashahidi ni akina nani?"

"Wa kwanza ni Bucha, mwenye bucha la jirani. Wa pili ni Mwakani."

"Mwakani ndiye nani?"

"Ni mwanawe. Mume wangu."

Akaweka leso mezani. "Rudia maneno mawili ya mwisho."

"Mume wangu."

"Usiyarudie tena," akasema. "Popote. Hata usingizini."

Ndipo akanieleza, na mimi nawaeleza ninyi kama nilivyoelewa, ili msije mkafa na bahasha zenu. Shahidi wa wosia ni mtu anayemwona mwenye wosia akisaini, na yeye akasaini. Huyo hatakiwi kuwa na faida yoyote ndani yake. Ukisaini kama shahidi, zawadi yako inakufa. Wosia unabaki hai, ila chako wewe kimekwenda. Na sheria haimwamini mke wa shahidi wala mume wake pia. Mume akisaini, zawadi ya mke inakufa naye.

"Lakini Mwakani hakuachiwa duka," nikasema. "Ndiyo maana mama akamsainisha. Alitaka ashuhudie kwa macho yake kwamba hapati, asije akasema kesho hakujua."

"Alikuwa mwanamke mwerevu."

"Sana."

"Basi amemfunga mwanawe mdomo, na wewe akakufunga mikono." Akapenga tena. "Duka likikutoka wewe linaangukia kwenye masalio. Masalio ni vile vyote vilivyobaki baada ya zawadi zilizotajwa. Hapa ameandika masalio wagawane wanawe watatu."

Masalio yenyewe, siku tunasomewa, yalikuwa kabati lisilofunga, redio na kuku wanne. Ndiyo maana wifi mkubwa alizirai. Sasa kabati na kuku walikuwa wanakaribia kupata duka zima la kuwasindikiza.

"Kwa hiyo nikiwa mke, nakosa," nikasema.

"Ukiwa mke, unakosa. Usipokuwa mke, wewe ni mtu baki aliyeachiwa duka kwa jina lake kamili na namba ya kitambulisho. Mtu baki anapata. Una cheti cha ndoa?"

"Sina."

"Mlifunga ndoa popote? Kwa kiongozi wa dini, kwa msajili, kwa wazee?"

"Hapana. Aliniambia mwakani."

"Vizuri sana," akasema wakili.

Miaka kumi na moja ya aibu, na hapakuwa na mtu aliyewahi kunipa hongera kwa ajili yake.

Lakini furaha ya wakili haidumu, sijui huwa wanafundishwa chuoni. Akaniambia kuna kitu kinaitwa dhana ya ndoa. Watu wawili wakiishi pamoja miaka mingi, na walio karibu nao wakawachukulia kuwa mume na mke, mahakama inaweza kuwahesabu kuwa wameoana hata bila cheti. Kwa hiyo kesi nzima itasimama kwenye swali moja: watu walikuwa wananionaje?

"Walikuwa wananidharau," nikasema.

Alikaa wima. "Nani alikudharau?"

"Mawifi. Kwenye msiba wa mama walimtambulisha kila mkwe, kila mjukuu, mpaka mpangaji. Mimi waliniruka. Nilikaa nje ya turubai na majirani, juani, kwenye kiti changu mwenyewe, chini ya... hapana, nje ya turubai langu mwenyewe, ambalo hawajalilipia mpaka leo."

"Watu waliona?"

"Msiba mzima."

"Nitafutie hao watu," akasema. Macho yake yalikuwa yanang'aa, na si kwa mafua. "Na yeyote aliyewahi kukuita hawara. Hao ndio watakaokuokoa."

Sasa mawifi nao hawakuwa wamelala. Ila walianza kwa kupotea njia, na acheni niwacheke kidogo kabla sijalia.

Wosia ulikuwa umemtaja Bucha kuwa mtekelezaji. Mawifi waliposikia neno hilo wakaona ni cheo. Wakadhani mtekelezaji ndiye mwenye mali mpya, kwamba mama kamrithisha Bucha kila kitu halafu yeye atampa amtakaye. Wifi mdogo, ambaye hununua mifupa na kusema ni ya mbwa na mbwa hana, alianza kununua maini kila asubuhi. Wifi mkubwa alimshonea Bucha koti jeupe la kazini lenye mfuko kifuani. Bucha alivaa koti, akauza maini, akanyamaza. Alipoona wameanza kumuuliza atagawa lini, akawaambia.

"Dada zangu, mtekelezaji ni mtumwa tu. Nakusanya mali ya marehemu, nalipa aliyokuwa akidaiwa, kinachobaki nakipeleka alikosema kiende. Mimi hapo sina hata kijiko."

Kesho yake wifi mdogo alirudi kwenye mifupa. Koti walitaka lirudishwe.

Halafu na wao wakapata wakili. Na huyo wakili akawafundisha kile nilichofundishwa mimi.

Nilijua wameshajua siku waliyonibishia hodi. Miaka yote wale huingia dukani bila salamu, wakanyanyua wanachotaka. Siku hiyo walisimama mlangoni wamevaa vizuri, wifi mkubwa mbele, wifi mdogo nyuma na kapu la matunda.

"Hodi, wifi," akasema wifi mkubwa.

Nilikuwa nashona shanga zilizodondoka kwenye gauni la harusi. Nikageuka nyuma kuangalia kama kuna mtu mwingine.

"Wewe, wifi. Hujambo mama? Kaka yetu hajambo? Umekonda jamani. Mke wa kaka unakonda hivi, watu watasema nini juu yetu?"

"Watasema mlivyosema ninyi," nikajibu.

"Wifi naye," akacheka, akanigusa bega. Sikumbuki kama mkono ule ulishawahi kunigusa. "Yaliyopita si ndwele. Sisi tumekuja kama dada zako. Tunataka wewe na kaka mtambulike. Inatuuma, mke halali unaishi kama mpangaji."

"Inawauma tangu lini?"

Wifi mdogo, ambaye hakujaliwa kufikiri na kubeba kapu kwa wakati mmoja, akajibu, "Tangu Jumatatu."

Dada yake alimkanyaga mguu. Nikawashukuru kwa matunda, nikayapokea, nikafunga mlango. Matunda yalikuwa mazuri. Dharau haina ugomvi na embe.

Baada ya hapo ikaanza kazi ambayo sidhani kama kuna mwanamke mwingine aliwahi kuifanya. Nilizunguka mtaani kuwatafuta walionitukana.

Nilianza na mwenye saluni, maana yeye alikuwa akinisema hadi kwa wateja wenye dawa kichwani.

"Dada," nikamwambia, "ulishawahi kuniita hawara?"

Kitana kilisimama hewani. "Mimi? Nani kakuletea hayo? Mimi nakuheshimu kama dada yangu wa tumbo moja."

"Usinifiche. Nakuhitaji useme."

"Sijasema kitu. Naapa kwa huyu mteja."

Nikaenda kwa mama wa genge. Naye hajawahi kusema. Kwa mke wa fundi baiskeli, hajawahi, na kama aliwahi ilikuwa utani, na kama haukuwa utani basi alikuwa anamsema mwingine. Mtaa mzima ulionitafuna miaka kumi na moja ulikuwa umefuta midomo ghafla. Watu wale wana ulimi wa moto wakiwa nyuma yako. Ukiwasogelea uso kwa uso ukaomba matusi yako kwa upole, wanakuwa malaika.

Mmoja tu alikubali, fundi cherehani wa kona, mama mtu mzima asiyependa mtu yeyote. "Nilikuita, na nitakuita tena," akasema, sindano mdomoni. "Mwanamke unakaa na mwanaume bila ndoa, ulitaka nikuite malkia?"

Nilitaka kumbusu.

Upande wa pili ilibidi niwanyamazishe walionipenda. Bucha kwa miaka yote ananiita shemeji. Nikamwambia aache.

"Nikuite nani sasa?"

"Niite mteja."

"Haya, mteja shemeji."

"Bucha, utanitoa dukani."

Akavua kofia yake ya kazi. Yule ni mtu mwema na watu wema ni hatari sana kwenye kesi. "Lakini wewe ni shemeji yangu," akasema. "Marehemu alikuwa anakuita mwanangu. Mimi nikiulizwa nitasemaje?"

Nikamwomba basi asiulizwe. Wakili wangu alikubali kumwita kwa jambo moja tu, kuthibitisha saini ya mama.

Akabaki Mwakani.

Huyo ndiye aliyekuwa ananinyima raha. Mimi nikihesabiwa mke, yeye anapata theluthi ya duka. Dada zake walikuwa wameshamwahidi pikipiki juu yake. Mwanaume aliyeshindwa kusema "mke wangu" bure kwa miaka kumi na moja, sasa alikuwa na sababu ya magurudumu mawili ya kulisema. Alikuja jikoni siku moja amenyoa ndevu.

"Unajua," akasema, "nimefikiria. Tufunge ndoa wiki hii."

Nilikuwa nasugua sufuria lenye ukoko. Sikusimama.

"Hata ukifunga leo haikusaidii," nikamwambia. "Wanaangalia ulipokuwa unasaini, si leo. Hata kuoa umechelewa."

Akakaa kwenye kreti. Sikupoteza muda kumweleza habari za haki, Mwakani haki haimwingii. Nilimweleza kwa lugha ya tumbo.

"Dada zako wakipata duka watafanya nini?"

"Watauza."

"Wakishauza, wewe utakula wapi? Pikipiki inapika?"

Akafikiri. Kufikiri kwake kunaonekana kwa nje, kama mtu anayehamisha kabati.

"Hapana," akasema.

"Na mimi nikibaki na duka?"

"Nitakula hapa."

"Basi ukiulizwa mahakamani, mimi si mke wako. Hujanioa, hukunitolea kitu, hukuwahi kuniita mke. Ukiulizwa chochote kuhusu mimi na wewe, kataa."

"Chochote?"

"Kataa kila kitu," nikamwambia. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu, nikamrudishia mgongo, nikaendelea na ukoko.

Siku ya kesi chumba cha mahakama kilikuwa kidogo kuliko stoo yangu ya maturubai. Feni moja, mabenchi ya mbao, hakimu mwanamume mwenye miwani anayeandika kila neno kwa mkono, kwa hiyo kila mtu ilibidi aongee polepole. Mawifi walivaa sare. Walikuwa wameshona vitambaa vya aina moja na, nawaapia, walininunulia na mimi, wakataka nivae tuonekane ndugu. Nilikiacha kwenye mfuko.

Wifi mkubwa alipanda kwanza. Akaapa kusema kweli tupu bila kupepesa jicho.

"Huyu ni nani kwako?" wakili wao akamuuliza.

"Huyu ni wifi yangu. Mke wa kaka yangu, kwa miaka yote hii. Tunampenda, tunamheshimu, tunashirikiana naye katika shida na raha." Akajifuta jicho ambalo lilikuwa kavu kama kuni.

Nilitamani mama mkwe awepo. Angecheka mpaka akashikilia ubavu.

Wakili wangu akasimama na leso yake. "Unampenda wifi yako?"

"Sana."

"Kwenye msiba wa mama yenu alikaa wapi?"

"Alikaa... si alikuwa anasimamia viti. Ni mtu wa kazi."

"Anaitwa nani?"

Hakimu aliinua kalamu akisubiri jina ili aliandike.

"Anaitwa wifi," akasema wifi mkubwa.

"Jina lake. Alilopewa na wazazi wake."

Alimwangalia mdogo wake kwenye benchi. Wifi mdogo akaangalia feni. Miaka kumi na moja nimewaoshea vyombo wale, na kati yao wawili hapakuwa na jina langu. Watu walicheka, hata karani, na hakimu akaandika kitu kirefu. Wakili wangu alipokaa aliniambia kwa chini, "Tuko vizuri." Fundi cherehani naye alipanda, akaniita hawara mbele ya sheria, kwa sauti safi. Nilijisikia kama mtu anayesomewa sifa.

Halafu akaitwa Mwakani.

Alipanda na shati nililompigia pasi mimi. Mawifi walimwangalia kama watu wanaoiangalia pikipiki. Wakili wangu akamuuliza kama alinioa.

"Hapana."

Wifi mdogo alifungua mdomo. Dada yake alimshika mkono.

"Ulishawahi kumtambulisha kwa mtu kuwa ni mke wako?"

"Hapana. Alikuwa mfanyakazi wa mama. Alikuwa anakaa palepale kwa sababu ya kazi."

Yalitoka laini. Nilidhani atababaika, nilidhani angalau atameza mate. Lakini yalitoka kama maji kwenye bomba, na ikanijia kwamba hayakumgharimu kitu. Sikujali. Nilijiambia sijali. Nilikuwa nahesabu viti vyangu kichwani, vyote, mpaka vilivyovunjika mguu.

Wakili wao akasimama. Alikuwa amekasirika, lakini alikuwa anajua kazi yake.

"Mlikuwa mnalala chumba kimoja?"

"Hapana."

"Mlikuwa mnakula pamoja?"

"Kila mtu alikuwa anakula pale. Hata Bucha."

"Mlizaa mtoto?"

"Hapana," akasema Mwakani. "Hatukuzaa. Hakuna mtoto."

Sijawahi kuwaambia habari hii katika wiki zote hizi, wala leo sikupanga. Tulizaa. Alikuwa wa kike. Aliishi wiki sita, akashikwa na homa asubuhi, na jioni hakuwa nasi tena. Mama mkwe ndiye aliyemwosha, kwa sababu mimi mikono yangu haikufanya kazi, na Mwakani ndiye aliyembeba mpaka makaburini kwa mikono yake miwili, hakutaka mtu ampokee. Mawifi hawakuja. Nilimheshimu Mwakani siku hiyo moja, na heshima hiyo ndiyo niliyoishi nayo miaka yote iliyofuata, hata nilipokuwa namdharau kwa kila kitu kingine.

Na sasa alikuwa amesimama pale na shati langu la pasi anasema hakuna mtoto. Hakusema kwa ubaya. Nilimwambia akatae kila kitu, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa ametimiza alichoambiwa.

Sikujua kama nimesimama mpaka niliposikia benchi likigonga ukuta.

"Anadanganya," nikasema.

Hakimu aliinua miwani. "Mama, zamu yako haijafika. Kaa chini."

"Tulizaa, Mheshimiwa. Alizikwa. Yeye ndiye aliyembeba."

Wakili wangu alinivuta gauni. "Kaa," akanong'ona. "Tumeshashinda, mwanamke wewe, kaa chini." Nilisikia vizuri sana alichosema. Nilijua duka liko wapi na mimi nakwenda wapi. Sikukaa.

Mwakani alikuwa ameshika ukingo wa kizimba kwa mikono miwili, na uso wake ulikuwa umeanza kuharibika. Hakimu akamwambia ashuke. Kisha akaniita mimi nipande, nikaapishwa, nikarudia maneno ya karani neno kwa neno.

Wakili wao alikuja karibu. Sauti yake ilikuwa imegeuka ya upole, kama ya mtu anayemwita kuku aliyemwagiwa mtama.

"Pole sana, mama. Pole kwa msiba huo. Sitakuchosha. Nina swali moja tu. Mlipokuwa mnamzika huyo mtoto, wewe na huyu bwana mlikuwa nani na nani?"

Wifi mkubwa alikuwa ananitabasamia. Haikuwa tabasamu ile ya siku ya embe, hii ilikuwa ya kweli, ilimfika mpaka machoni, ya kwanza tangu tujuane. Wakili wangu alikuwa ameinamisha kichwa kwenye leso. Mwakani, kule alikokaa, alikuwa analia na huku ananitikisia kichwa nikatae.

Nikamgeukia hakimu, maana ndiye peke yake mle ndani ambaye sikuwa nimeshamdharau.

"Tulikuwa wazazi wake," nikasema.

Feni ilizunguka. Hakimu aliandika maneno yale polepole, akayasoma tena, kisha akaweka kalamu chini.

"Hilo si jibu la swali, mama," akasema. "Mume na mke. Ndiyo au hapana?"